Kamera Mbele ya Kuta Zinazobishana

Katika mtaa wa Bogside mjini Derry, Ireland ya Kaskazini, mchoro wa msichana aliyevaa sare za shule umejaza ubavu mzima wa jengo. Msichana huyo ni Annette McGavigan, aliyeuawa kwa risasi Septemba 1971 akiwa na umri wa miaka 14. Wachoraji watatu wa hapohapo mtaani, Tom Kelly, nduguye William Kelly na mwenzao Kevin Hasson, walimchora mwaka 1999 akiwa amesimama mbele ya vifusi. Kando yake waliweka bunduki, na juu yake kipepeo mkubwa. Kipepeo huyo walimwacha na mistari mitupu, bila rangi, kwa sababu hawakuwa wameamini bado kwamba amani iliyotiwa saini mwaka mmoja kabla ingeshika. Mwaka 2006 walirudi. Walimpaka kipepeo rangi, na ile bunduki wakaichora upya ikiwa imevunjika.

Ukikutana leo na picha ya mchoro huo isiyo na mwaka, hutajua unatazama nini. Iliyopigwa mwaka 2003 inaonyesha mtaa wenye wasiwasi. Iliyopigwa mwaka 2007 inaonyesha mtaa uliothubutu kutumaini. Ukuta ni uleule na msichana ni yuleyule, lakini maneno yamebadilika. Ndiyo maana nasema anayezunguka miji ya Ulaya na kamera akipiga picha za kuta za siasa anafanya kazi ya karani wa mahakama: aandike nani kasema nini, lini, mbele ya nani, na nani kamjibu. Uzuri wa picha unakuja baada ya hayo.

Miaka hii wasafiri wengi hupiga picha za kuta. Simu zimerahisisha kazi, na kila mji mkubwa una waongozaji wanaotembeza wageni mitaa ya michoro kwa malipo. Ninachokiona katika picha nyingi zinazorudi nyumbani kinanisikitisha. Mchoro umekatwa kingo zake zote, umenyooshwa, rangi zimekolezwa, na mtaa haumo. Hakuna mlango wala duka la jirani, hakuna yule mama anayepita na mfuko wa sokoni, hakuna maandishi ya hasira yaliyoongezwa chini na mkono mwingine. Kimebaki kitu cha kuning'inizwa sebuleni. Mtu aliyepanda ngazi usiku kuchora alikuwa anazungumza na mtaa, na mtaa ndio ulioachwa nje ya picha.

Derry inafundisha jambo jingine ambalo wapiga picha tungepaswa kulijua kwa moyo: kuta nyingi za siasa zimezaliwa na picha. Wale watatu wa Bogside walichora mwaka 1994 kijana aliyevaa barakoa ya gesi, ameshika chupa ya petroli mkononi. Walimtoa katika picha ya mpiga picha wa magazeti Clive Limpkin, aliyekuwapo mtaani hapo Agosti 1969 wakati wakazi walipopambana na polisi kwa siku tatu. Hatua chache kutoka hapo wamechorwa watu waliombeba kijana aliyepigwa risasi, mbele yao akiwa padri Edward Daly akipunga kitambaa chenye damu. Ni tukio la tarehe 30 Januari 1972, siku wanajeshi wa Uingereza walipoua waandamanaji 13, na wa 14 akafa baadaye. Kabla ya kupanda ukutani, padri huyo na kitambaa chake vilikuwa vimezunguka dunia nzima katika magazeti na televisheni. Basi kamera ilipiga, ukuta ukanakili, na sasa kamera zetu zinanakili ukuta. Uingereza ilichukua miaka 38, hadi ripoti ya Jaji Saville ya mwaka 2010, kukiri kwamba waliouawa siku ile hawakuwa na hatia. Kabla ya hapo mitaa ilikuwa tayari imeshika ushahidi wake hadharani.

Kutoka Derry hadi Belfast ni safari fupi, na huko kazi inakuwa ngumu zaidi, kwa kuwa kuta ni za pande mbili. Barabara ya Falls ni ya Wakatoliki wanaotaka Ireland iwe moja. Barabara ya Shankill ni ya Waprotestanti wanaotaka kubaki chini ya Uingereza. Katikati umesimama ukuta mrefu wa saruji na bati, ulioanza kama vizuizi vya mwaka 1969 ukaongezwa kimo mara kwa mara, wenye mageti yanayofungwa usiku. Wenyeji wanauita ukuta wa amani. Upande wa Falls, kwenye kona ya mtaa wa Sevastopol, anatabasamu Bobby Sands, aliyefariki gerezani tarehe 5 Mei 1981 baada ya kugoma kula kwa siku 66, wiki chache tu baada ya wapiga kura kumchagua kuwa mbunge. Uso huo nao umetoka katika picha. Upande wa Shankill utamkuta Mfalme William akivuka mto Boyne juu ya farasi mweupe, vita vya mwaka 1690, na wanaume waliofunika nyuso wakiwa na bunduki. Desturi ya kumchora mfalme huyo kwenye kuta za nyumba ilianza mwaka 1908, kwa hiyo jiji hili limekuwa likibishana kwa brashi kwa zaidi ya karne moja.

Mgeni huvutiwa na upande mmoja. Mwafrika hasa anapofika kwenye mfululizo wa michoro ya barabara ya Divis, mwanzoni mwa Falls, anajiona yuko nyumbani. Hapo wamewahi kuchorwa Nelson Mandela, Wapalestina, na Frederick Douglass, Mwamerika mweusi aliyetoroka utumwa na kuja kuhutubia Belfast mwaka 1845. Michoro ya ukuta huo hubadilishwa kila tukio jipya linapotokea duniani. Nilisimama hapo muda mrefu, na sifichi kwamba moyo wangu ulikuwa upande ule. Lakini ukiondoka Belfast na picha za Falls peke yake umerekodi nusu ya mazungumzo. Bendera za Palestina zinapopepea upande mmoja, za Israeli hupepea katika baadhi ya mitaa ya upande wa pili, na anayeziona zote mbili ndiye anayeelewa kwamba watu hawa wanaitumia dunia nzima kuambizana habari za mtaa wao. Lazima uvuke geti. Ukifika Shankill, salimia kwanza. Wakazi wamezoea wageni na wengi wao watakueleza wenyewe mchoro ni wa nani, alikufaje, na mkewe anaishi nyumba ipi. Huyo mke anayapita macho ya mumewe kila anapokwenda kununua mkate. Likumbuke hilo kabla ya kumwambia rafiki yako asimame chini ya mchoro na kuinua vidole viwili.

Kuanzia mwaka 2006 Baraza la Sanaa la Ireland ya Kaskazini lilikuwa na mpango wa kuwalipa wachoraji ili michoro ya bunduki katika mitaa iliyokubali ibadilishwe iwe ya historia, michezo au watoto. Baadhi ya wapiga picha hulalamika kwamba kuta zimepoteza makali. Lawama hiyo siikubali. Mtoto anayelala katika chumba kinachotazamana na bunduki iliyochorwa hana wajibu wa kuwa na ukuta wenye makali kwa ajili ya albamu ya mtu. Ninachokiomba ni kwamba kabla ya brashi mpya kupita, mtu awe amepiga ule wa zamani pamoja na nyumba zake.

Sasa Berlin, ambako karibu kila msafiri anadhani anajua alichokiona.

Kipande cha Ukuta wa Berlin kilichobaki kando ya mto Spree, kiitwacho East Side Gallery, kina urefu wa mita 1,300 hivi. Mwaka 1990 wachoraji 118 kutoka nchi 21 walipewa nafasi ya kukichora. Mchoro unaopigwa picha kuliko yote ni wa Mrusi Dmitri Vrubel: Leonid Brezhnev wa Umoja wa Kisovieti na Erich Honecker wa Ujerumani Mashariki wakibusiana mdomoni, na chini yao maneno ya kumwomba Mungu msaada wa kuokoka katika pendo la mauti. Huu nao ni mtoto wa kamera. Mpiga picha Mfaransa Régis Bossu alilinasa busu hilo Oktoba 1979, Ujerumani Mashariki ilipokuwa ikisherehekea miaka 30 tangu kuundwa kwake.

Watalii wanasimama mbele ya busu hilo wakiamini wanatazama kazi ya mtu aliyehatarisha maisha yake. Hapana. Uso huu wa ukuta ulielekea mashariki, na upande wa mashariki hakuna raia aliyeweza kuuchora kabla ya mpaka kufunguliwa Novemba 1989. Ulikuwa mtupu. Michoro ya wakati wa hatari ilikuwa upande wa magharibi, ambako Mfaransa Thierry Noir alianza mwaka 1984 kuchora vichwa vyenye midomo minene kwa rangi mbili tatu, upesi upesi. Kuchora upesi kulikuwa na sababu. Ukuta ulijengwa mita kadhaa ndani ya ardhi ya Mashariki, kwa hiyo hata aliyesimama upande wa Magharibi akiugusa alikuwa amekanyaga Ujerumani Mashariki, na askari waliweza kutokea katika vilango vidogo wakamkamata. Mtindo wake ulitokana na mbio hizo. Michoro ya East Side Gallery ina jambo jingine, nalo si dogo: ni furaha ya watu waliopata kugusa kile walichokatazwa. Maelezo ya chini ya picha yanayochanganya hofu ya mwaka 1984 na furaha ya mwaka 1990 yanawanyima haki watu wa miaka yote miwili.

Halafu liko suala la rangi yenyewe. Kufikia miaka ya 2000 moshi wa magari, mvua na maandishi ya wapitanjia vilikuwa vimeichakaza michoro hiyo vibaya. Mwaka 2009 ukuta ukasafishwa hadi kwenye saruji, na wachoraji wakaitwa kuchora upya kazi zao zilezile. Vrubel alikubali. Wengine walikataa. Kwa hiyo yeyote aliyepiga picha ya busu baada ya mwaka 2009 amepiga mchoro wa pili, uliochorwa na mtu mwenye umri wa miaka karibu 50 akijinakili alivyokuwa kijana. Na mwaka 2013 kipande cha ukuta kiliondolewa ili kupisha ujenzi wa jumba la makazi ya kifahari, huku maelfu ya watu wakiandamana kupinga. Ukisogea nyuma vya kutosha, jumba hilo linaingia ndani ya fremu. Liache liingie.

Ng'ambo ya mto, katika mtaa wa Kreuzberg, kilitokea kisa ambacho kila mwenye kamera anapaswa kukitafakari. Mwitaliano anayejiita Blu, ambaye hajawahi kuonyesha uso wake, alichora mwaka 2007 na 2008 michoro miwili mikubwa kwenye kuta za majengo ya mtaa wa Cuvry. Mmoja ulionyesha watu wawili wakivuana barakoa. Mwingine ulionyesha mwanamume aliyevaa shati na tai, kichwa hakionekani, mikononi ana saa mbili za dhahabu zilizounganishwa kwa mnyororo. Chini ya kuta hizo kulikuwa na kiwanja kitupu, ambacho baadaye watu wasio na makazi walijenga vibanda vyao. Michoro ikapendwa. Ikaingia katika kadi za posta, vitabu vya wasafiri, matangazo. Picha zake zikawa sehemu ya sababu za watu wenye fedha kuutamani mtaa, kodi za nyumba zikapanda, vibanda vikaondolewa, na mipango ya ujenzi ikaja. Usiku mmoja Desemba 2014, kwa ridhaa ya Blu mwenyewe, watu walipanda juu na rangi nyeusi wakaifunika michoro yote miwili. Lutz Henke, mmoja wa waliosaidia kuizaa michoro hiyo, alieleza gazetini kwamba hawakutaka kazi yao iwe chambo cha kuuzia mtaa uleule uliokuwa ukiwafukuza wakazi wake.

Watu walilaumu kwamba sanaa imeuawa. Mimi naona walichofanya ni kumaliza sentensi yao wenyewe. Na sisi wenye kamera tulikuwemo katika habari hii, hatukuwa watazamaji. Kila picha safi ya yule mtu mwenye saa za dhahabu, isiyoonyesha vibanda vilivyokuwa miguuni pake, ilifanya kazi ya dalali. Aliyeingiza vibanda ndani ya fremu alifanya kazi nyingine kabisa, na picha yake leo ina uzito ambao zile za kadi za posta hazitaupata.

Blu alirudia kitendo hicho mjini Bologna, Machi 2016. Taasisi za mji zilikuwa zimeandaa maonyesho ya kulipia ya sanaa za mitaani, zikiwemo kazi zilizobanduliwa kutoka katika majengo yaliyoachwa. Alijibu kwa kupaka rangi ya kijivu michoro yake yote mjini humo, kazi ya takribani miaka 20, akisaidiwa na vijana wa mitaa. Mwenye picha za michoro hiyo alijikuta ana rekodi pekee ya kitu kisichokuwapo tena. Hakuomba awe nayo. Ndiyo maana mahali na tarehe viandikwe siku hiyohiyo, kabla ya kulala.

Na kuna kuta zinazoibwa. Katika ukumbi wa Bataclan mjini Paris, ambako watu 90 waliuawa katika shambulio la tarehe 13 Novemba 2015, mchoraji wa mitaani Banksy alichora mwaka 2018 mwanamke mwenye huzuni kwenye mlango wa dharura, njia ambayo wengi walitorokea. Januari 2019 wezi waliukata mlango mzima wakaupakia kwenye gari. Ulipatikana Italia Juni 2020. Wakati mlango haupo, jamaa za waliokufa walibaki na picha zake tu.

Kuhusu namna ya kupiga, nitasema kidogo, maana vitabu vipo. Mawingu ya kaskazini ni rafiki: hayatupi vivuli vikali juu ya rangi. Jua la pembeni la asubuhi lina faida yake pia, kwa sababu huonyesha matabaka, mahali ambapo rangi mpya imevimba juu ya ya zamani na herufi zilizofutwa bado zinachungulia. Usielekeze kamera juu, ukuta utaonekana kuanguka kinyumenyume. Rudi nyuma hadi ng'ambo ya barabara, tumia lenzi ya kawaida ya milimita 35 au 50, na subiri mtu apite ili ukubwa ujulikane. Kisha sogea karibu upige majibu: stika, mikwaruzo, jina lililofutwa, msalaba uliopigwa juu ya uso wa mtu. Wengi huyaona majibu hayo kuwa uchafu unaoharibu picha. Mimi huyatafuta kwanza.

Kuhusu nyuso za watu nitasema zaidi. Katika mtaa wa Exarcheia mjini Athens, mahali ambapo kijana wa miaka 15, Alexandros Grigoropoulos, aliuawa na polisi tarehe 6 Desemba 2008, kuta zimejaa tangu siku hiyo hadi leo, na kamera hazipendwi. Watu wana sababu zao. Anayechora bila kibali anaweza kutozwa faini au kufungwa, na picha moja ya mgongo wake, koti lake, viatu vyake, yaweza kuwa ushahidi. Usimpige. Na kama umempiga kwa bahati, futa. Kumbuka pia kwamba simu huandika ndani ya faili mahali hasa na saa picha ilipopigwa. Taarifa hizo ni hazina kwako unapotunza kumbukumbu, na ni hatari kwa mwingine ukizirusha mtandaoni wakati rangi haijakauka.

Sheria nazo hazifanani, na mpakani hakuna tangazo lililobandikwa. Ujerumani, kifungu cha 59 cha sheria ya hakimiliki kinaruhusu kupiga na hata kuuza picha za kazi zilizowekwa hadharani kwa kudumu, ilimradi umesimama mahali pa umma. Mahakama ya juu ilikataa mwaka 2003 picha iliyopigwa kutoka dirisha la ghorofa, na mwaka 2024 ikazikataa za droni. Uingereza, sheria ya mwaka 1988 inaachia huru majengo na sanamu, lakini michoro ya ukutani haimo. Ufaransa ililegeza kamba kidogo mwaka 2016, kwa watu binafsi wasiofanya biashara, na kwa majengo na sanamu tu. Kwa msafiri anayetunza albamu hili si tatizo kubwa. Anayetaka kuchapisha kitabu amtafute mchoraji, amwombe, amtaje. Wengi watafurahi kuulizwa.

Aliyeonyesha njia hii zamani ni Brassaï, mpiga picha mwenye asili ya Hungaria aliyeishi Paris. Kuanzia miaka ya 1930 alizunguka vitongoji vya mji huo akipiga mikwaruzo ya visu na misumari kwenye kuta: mioyo, vichwa, watu walionyongwa. Alibeba daftari, akachora ramani ndogo ya kila mahali, akarudi baada ya miaka kuona alama zilivyochimbika zaidi au kufutika. Mwaka 1956 jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York lilionyesha picha hizo. Alikuwa mvumilivu. Kuta hazijui ratiba ya ndege ya mtu.

Afrika Mashariki tunao mfano unaozungumza na haya yote. Boniface Mwangi wa Nairobi alikuwa mpiga picha wa magazeti wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Picha zake alizipeleka barabarani katika maonyesho ya Picha Mtaani, zikatazamwa na watu ambao wasingeingia jumba la sanaa. Mwaka 2012 yeye na wachoraji wenzake walihamia kwenye kuta za katikati ya jiji na kuwachora wanasiasa kwa sura ya tai wala mizoga. Baadhi ya michoro ilifunikwa rangi muda si mrefu. Kamera na ukuta vilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, na historia ya Ulaya niliyoieleza hapo juu haina jambo geni kwa Mkenya aliyepita jijini mwaka ule.

Kuna kuta za Ulaya ambazo ubishi wake unatuhusu sisi moja kwa moja. Mjini Berlin, wilaya ya Neukölln, barabara iliyobeba jina la Hermann von Wissmann ilibadilishwa mwaka 2021 ikaitwa Lucy-Lameck-Straße, kwa heshima ya mwanamke wa kwanza kushika wadhifa wa ngazi ya uwaziri katika serikali ya Tanzania. Wissmann ndiye aliyeongoza majeshi ya Ujerumani kuvunja upinzani wa pwani yetu, na kiongozi wa upinzani huo, Abushiri bin Salim, akanyongwa Pangani Desemba 1889. Sanamu ya Wissmann, iliyowahi kusimama Dar es Salaam, ilipelekwa Hamburg ikawekwa mbele ya chuo kikuu, hadi wanafunzi walipoiangusha mwaka 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena mwaka 1968. Kibao cha jina la mtaa ni ukuta mdogo kuliko wote. Mtanzania anayepita Berlin akipige, pamoja na milango na baiskeli zilizo chini yake.

Na Ubelgiji. Juni 2020, baada ya George Floyd kuuawa na polisi kule Marekani, sanamu za Leopold II, mfalme wa Wabelgiji aliyeitawala Kongo, zilipakwa rangi nyekundu nchini Ubelgiji kote. Ile ya Ekeren, mjini Antwerp, iliunguzwa kisha ikaondolewa tarehe 9 Juni. Mjini Ostend hata kabla ya hapo, mwaka 2004, watu walikata kwa msumeno mkono wa Mkongo wa shaba aliyewekwa kumshukuru mfalme, ili sanamu iseme habari za mikono iliyokatwa Kongo. Mkono haukurudishwa, na pengo hilo ni sehemu ya sanamu sasa. Sanamu kubwa ya Brussels, mfalme juu ya farasi karibu na ikulu, ilipakwa rangi, ikasafishwa, ikapakwa tena.

Kutoka hapo hadi Matonge, mtaa wa Wakongo, ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, na mlangoni pake kuna uwanja mdogo uliopewa jina la Patrice Lumumba tarehe 30 Juni 2018. Ndani ya njia ya maduka nilikutana na mama mmoja wa Bukavu anayeuza vitenge. Aliposikia Kiswahili changu alicheka, akaniita papa, akataka kuona nilichopiga. Nikamwonyesha farasi.

"Hii picha ulipiga mbele ya kuosha, papa, ao nyuma ya kuosha?"

"Baada ya kuosha, mama."

"Basi andika vile. Andika kama waliosha."

Nimeandika. Rangi nyekundu ilikuwa imebaki katika nyufa za jiwe, na ukiikaribia kwa lenzi unaiona vizuri. Lakini anayekwenda pale asiishie kwenye rangi. Sanamu hiyo ilisimamishwa mwaka 1926, na ina kibao kidogo kinachosomwa na wachache, kinachoeleza kwamba shaba na bati yake vilitoka Kongo ya Wabelgiji na vilitolewa bure na kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga. Kilichotolewa bure kilichimbwa na watu wa Katanga, eneo ambalo leo Kiswahili ndiyo lugha ya mjini na ya migodini. Kibao, rangi iliyooshwa na farasi vinaingia katika fremu moja ukipiga magoti upande wake na kutumia lenzi pana.